Kodi ya Udongo wa Baba

Mama yangu anaamini kwamba kodi ya ploti yetu inalipwa na kaka yangu aliye Nairobi. Nianze hapo hapo nisikuzungushe, maana mimi mwenyewe nimechoka na mizunguko. Anayelipa ni mimi. Huu ni mwaka wa sita, kila mwaka kabla mwezi wa tatu haujaisha, kwa sababu ukichelewa wanakuongezea faini juu, na faini ya kodi ya ardhi haijui pole wala samahani.

Ploti yenyewe ni robo ekari tu, pembeni mwa mji wa Kakamega. Baba alikuwa dereva wa lori la miwa, na aliinunua wakati pale palikuwa na vichaka vitupu. Wenzake walimcheka wakasema amezika pesa zake. Basi mji ukatufuata wenyewe. Ilikuja lami, kikaja kituo cha mafuta, yakaja maduka ya simenti na mabati, na siku hizi sisi ndio tunaonekana tumevamia mji wa watu, na hiyo nyumba yetu ya udongo uliopigwa lipu. Mama anaishi hapo. Kaburi la baba liko nyuma ya jiko, karibu na migomba. Mimi nimeolewa Malava, lakini nafundisha shule ya msingi upande wa Shinyalu, kwa hiyo siku za kazi nalala kwa mama na Ijumaa jioni naenda kwangu.

Wengi hawajui kodi hii inavyopimwa. Haitazami nyumba. Inatazama udongo, na udongo huo uko mahali gani. Jirani yetu wa kushoto ana ploti sawa na yetu, hatua kwa hatua, na juu yake amesimamisha ghorofa nne za kupangisha, nguo za wapangaji zinaning'inia mpaka juu. Mama ana kuku kumi na mmoja na mparachichi. Bili zikija, kodi ni ile ile. Siku mama alipoelewa jambo hilo alikaa chini kwenye kigoda.

"Yaani mimi na huyu tuko sawa?"

"Mko sawa, mama. Mbele ya sheria."

Akasonya, akaenda kuwamwagia kuku mahindi.

Sasa, nilivyoingia mimi kwenye mzigo huu. Kwetu, siku chache baada ya mazishi kuna siku ya kunyoa. Watu wa boma wananyolewa nywele, halafu wazee wanakaa na kuuliza: marehemu alikuwa anamdai nani, nani alikuwa anamdai, na nani atashika nini. Yanayosemwa siku hiyo yanasemwa mbele ya mashahidi, na hayafutwi. Wazee walipofika kwenye kodi ya ploti, kaka yangu, ingawa ni mdogo kwangu, alisimama, kichwa kikiwa kinang'aa kwa wembe, akasema: "Hiyo ni juu yangu. Mama asiulizwe." Watu wakaitikia. Mama alilia, na nadhani siku ile alilia kwa fahari kuliko kwa msiba. Sisi wasichana tulikuwa huko nyuma na masufuria. Hakuna aliyetuuliza kitu, na kusema kweli hakuna aliyetegemea kuulizwa.

Kaka alilipa mwaka wa kwanza. Sitamnyima haki yake. Halafu kazi ya mjengo ikasimama, akanipigia simu nikiwa shuleni, sauti imeshuka kama ya mtoto aliyevunja kikombe.

"Dada, nisitiri. Lipa mwaka huu tu, nitakurudishia. Lakini mama asijue. Wala wale wazee."

Nikamsitiri. Ningefanyaje? Wazee wangesikia kwamba msichana aliyeolewa ndiye analipia udongo wa baba yake, kaka yangu asingeweza tena kukaa nao kwenye kiti. Na kule Malava mama mkwe angetaka kujua najenga boma la nani. Kwa hiyo nikalipa, nikanyamaza. Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini mimi nilificha, na mwaka mmoja ukazaa miaka sita.

Inavyokwenda ni hivi. Mimi nalipa kwa simu, jina linalotoka kwenye risiti ni la baba, kwa sababu hati bado ni ya baba. Namwambia kaka. Kaka anampigia mama: "Mama, ile kitu nimemaliza." Jumapili mama anasimama kanisani kutoa shukrani. Anasema Mungu amempa mwana ambaye hana kazi ya maana lakini hasahau udongo wa baba yake. Kanisa zima linasema amina, na mimi, ambaye kwa Jumapili hiyo siendi Malava, nasema amina kando yake.

Mwaka huu likatangazwa jambo. Ardhi ya mji ingekadiriwa thamani upya, kodi ingepanda, na wananchi waje watoe maoni Jumamosi katika ukumbi wa kanisa moja mjini. Mama akalishika jambo hilo kama vita vyake. Alikuwa amesikia kwenye redio mtu akisema kwamba kuna mahali wanataka kuondoa kodi ya ardhi kabisa, badala yake kila mtu alipe kulingana na anachopata. Akanisubiri nirudi kutoka shule. Hata sijavua viatu, akaniwekea karatasi mezani.

"Andika," akasema. "Wewe ni mwalimu wa Kiswahili."

"Mama, nimechoka."

"Umechoka na nini? Mimi ndiye nina ploti."

Nikashika kalamu. Mama akaanza kutembea toka mlango hadi dirisha, mikono nyuma, na hoja zikatoka moja baada ya nyingine. Alisema kanisani hakuna anayempima mtu kwa ukubwa wa ploti yake. Fungu la kumi ni fungu la kumi. Aliyepata mia anatoa kumi, aliyepata yai moja anasubiri apate mengine tisa. Kwa nini serikali isijifunze kwa Mungu? Udongo haupati mshahara. Udongo haujui mwisho wa mwezi. Yeye akikaa pale mpaka afe, ule udongo hautamletea hata sukari, ila kila mwaka thamani yake inapanda kwenye vitabu vya watu asiowajua. Basi waache udongo, wamfuate anayepata.

Zilikuwa hoja nzuri. Nasema kweli, nilianza kufurahia. Nikanyoosha sentensi zake, nikaweka "kwa unyenyekevu mkubwa" mwanzoni, nikaandika kwa ule mwandiko ninaoandikia ubao siku ya wazazi. Mpaka nikafika pale pa kuandika ni nani hasa huyo anayepata, kalamu ikasimama.

Anayepata ni mimi. Nani mwingine? Katika boma lile, mwenye peslipu ni mmoja. Na hiyo peslipu yangu ukiiona utanihurumia: kodi ya mapato wamekata, bima ya afya wamekata, ya nyumba wamekata, ya uzeeni wamekata, mkopo wa chama cha akiba wamekata, kinachobaki chini ni cha aibu, na karo ya watoto wangu inakingoja mlangoni. Jirani wa ghorofa hana peslipu. Pesa zake zinaingia mlango huu na kutokea ule, na hakuna karani aliyewahi kuziona uso. Udongo hauwezi kukimbia, ndiyo maana wanautoza. Mshahara wa mwalimu nao hauwezi kukimbia. Niliona wazi kabisa kwamba kodi wakiitoa kwenye udongo na kuiweka kwenye mapato, wataniondoa mlango wa mbele na kunikamata mlango wa nyuma. Tofauti pekee ni kwamba huku mbele nalipa kwa jina la marehemu, na huko nyuma nitalipa kwa jina langu.

"Mbona umenyamaza?" mama akauliza.

"Natafuta neno."

"Neno gani? Andika 'wenye mishahara'."

Nikaandika "wenye mishahara". Tukala obusuma, ugali wa kwetu, na mboga, nikalala na hasira ambayo sikujua niielekeze kwa nani.

Wiki hiyo sikwenda Malava. Jumamosi mama alivaa ile nguo yake ya mazishi na harusi. Ukumbi ulijaa: wenye ploti, wafanyabiashara wa soko, vijana wa bodaboda waliokuja kwa ajili ya soda, wauguzi wawili watatu na walimu wenzangu. Mbele walikaa maofisa na karani wa kike mwenye daftari. Tuliambiwa kila mtu ana dakika tatu. Zamu ya mama ilipofika, alimpa karani ile karatasi yangu, halafu badala ya kuketi, akaomba aseme kwa mdomo wake. Hapo nikajua nimekwisha.

Alianza vizuri. Alitaja fungu la kumi, watu wakacheka kwa kukubali. Alitaja udongo usiojua mwisho wa mwezi, watu wakapiga makofi. Halafu akainua kidole.

"Mimi kijana yangu ndiye analipa hiyo kodi. Hana kazi. Leo amepata kibarua, kesho hana, lakini kwa udongo ya baba yake analipa kila mwaka, hajawahi kukosa. Nyinyi mnaongeza, anatoa wapi? Na kuna watu wako na mshahara, mwisho wa mwezi pesa inaingia kwa simu wakiwa wamelala. Hawana shamba ya kulipia. Kama huyu msichana yangu hapa, mwalimu. Ameolewa, hana ploti ya kuumiza kichwa. Si mchukue kwa hao kidogo, kijana yangu apumue?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Si kicheko kibaya, ni kile cha kumpenda mama wa watu. Mtu mmoja akapaza sauti, "Mwalimu, simama tukuone!" Nikasimama. Ningekataa? Nikasimama, nikatabasamu, nikainamisha kichwa kidogo kama bibi arusi, nikaketi. Mwalimu mwenzangu akanigusa goti, akaninong'oneza, "Pole, dada, mama amekuuza." Nilitaka kucheka nikashindwa.

Halafu aliyeinuka kumuunga mkono mama ni nani? Jirani yetu wa ghorofa. Alisimama na kofia mkononi, mnyenyekevu kuliko paroko.

"Mama yangu amesema ukweli mtupu," akasema. "Tutozwe kwa mapato. Mimi mwenyewe niko tayari. Tangu nizaliwe sijawahi kupokea hata shilingi moja ya mshahara."

"Na rendi za wapangaji?" muuguzi mmoja akauliza kwa sauti.

"Nyumba ni za mke wangu."

"Na mke wako?"

"Mke wangu ni mama wa nyumbani."

Ukumbi ulilipuka. Hata ofisa alifunika mdomo. Yule muuguzi hakucheka. Aliinuka akasema mtu akiwa na ardhi mjini ana kitu, hata kama hajui kukitumia, na kwamba kila mara serikali ikisema "mapato" inamaanisha yeye na walimu, kwa sababu ndio wanaoonekana. Alisema kwa machungu mpaka sauti ikamkatika. Makofi aliyopata yalikuwa machache, yangu sikuyatoa. Mama alikuwa ananitazama.

Karani akaeleza kwa upole kwamba kodi ya mapato si ya kaunti, ni ya serikali kuu, kwa hiyo pendekezo lile halingewezekana pale hata tungekesha tukiliongea. Lakini wataliandika. Akaomba wanaoliunga mkono wainue mikono ahesabu. Jirani wa ghorofa aliinua mkono wa kwanza. Mama akainua wake, akanigeukia.

Nikainua.

Tulirudi kwa miguu, mama amebeba soda yake na mkate aliopewa. Wingu la saa tisa lilikuwa limeshajaa upande wa msituni, kama kawaida ya Kakamega. Mama alikuwa na furaha ambayo sijaiona tangu baba afe. Alitembea mbele yangu kidogo, akiongea bila kugeuka.

"Sasa nitafanya jambo moja kabla sijafa. Nitaenda kwa wakili nibadilishe hati. Niiandike kwa jina la kaka yako."

"Kwa nini sasa?" nikauliza.

"Kwa sababu ameilipia. Udongo ni wa anayeulipia, mwanangu. Mimi si mtu wa mila za kijinga. Haki ya Mungu, kama ungekuwa wewe ndiye umelipa hii miaka yote, ningeandika jina lako. Wacha wazee waseme mpaka wachoke."

Nilisimama pale pale, mbele ya duka la mbao. Miaka sita nilikuwa nimejiambia kwamba sitaki kitu, nalipa tu ili kaburi la baba lisije likawekewa tangazo la mnada. Na ilikuwa kweli, sikutaka. Lakini aliposema hivyo nikataka. Nilitaka sana, nilitaka mpaka nikaona aibu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mimi nilikuwa nimeubeba kwa uzuri mno, hakuna aliyeona mgongo wangu ukipinda.

"Mama," nikasema, "ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Anayelipa ni mimi. Kaka alilipa mwaka wa kwanza peke yake. Mingine yote ni mimi."

Aligeuka. Alinitazama kwa muda, halafu nikaona uso wake unabadilika, si kwa hasira, bali kwa huzuni, ile ambayo mama anakuwa nayo akimfumania mtoto na mkono ndani ya sufuria.

"Mpaka nimetaja hati," akasema taratibu. "Miaka yote hukusema. Nimetaja hati, ndiyo sasa ni wewe."

"Mama, haki..."

"Usiape. Tamaa imekuingia lini, mwanangu? Una bwana, una boma Malava. Kaka yako ana nini?"

Nikatoa simu nimwonyeshe malipo, lakini macho ya mama hayaoni herufi za simu. Akasema, "Mpigie. Tumsikie mwenyewe." Nikampigia kaka, nikaweka sauti kubwa. Nyuma yake palisikika mashine ya kuchanganya zege, na nikafurahi, maana ilikuwa na maana kwamba siku hiyo ana kibarua.

"Kaka," nikasema, "niko na mama barabarani. Anataka kujua ni nani analipa kodi ya ploti. Mwambie."

Zege liliendelea kuzunguka. Huyu ni mtu niliyembeba mgongoni akiwa na surua. Nilijua hatanikana.

"Mama," akasema mwishowe, "si tulikuwa tunasaidiana tu."

"Kusaidiana vipi?" mama akauliza. "Nani alilipa?"

"Mimi ndiye nilisema siku ile ya kunyoa, mama. Hiyo ni juu yangu. Dada alikuwa ananipelekea tu hiyo kodi."

Kisha akasema fundi anamwita, akakata.

Sikulia. Nilirudisha simu kwenye mkoba, matone ya kwanza yakaanza kupiga bati za duka la mbao. Mama hakunicheka wala hakunigombeza. Alihamishia soda mkono mwingine, akanishika mkono, akanipapasa polepole kama anavyonipapasa tangu nikiwa mdogo.

"Hata kupeleka ni kazi, mwanangu," akasema. "Mungu atakulipa."